Barua ya wazi kwa watunzaji wa taarifa zetu za afya: tumeshatoa, sasa tuonyesheni daftari

Kwenu wakuu wa taasisi za utafiti wa tiba, wakurugenzi wa hifadhi za sampuli na taarifa za wagonjwa, wajumbe wa kamati za maadili, na ninyi wa wizarani mnaotia saini vibali,

YAH: HAKI YA ALIYEJITOLEA KUJUA TAARIFA ZAKE ZIMETUMIWA NA NANI

Salamu kwenu.

Mimi ni mmoja wa wale mnaowaita washiriki. Nina presha na kisukari, na nilipoombwa kuruhusu jalada langu litumike katika utafiti nilikubali kwa hiari yangu. Damu nilitoa, maswali nikajibu, hata yale ya pombe na ya chumbani. Sikulipwa, wala sikutaka malipo. Nayasema haya mapema kwa sababu barua za namna hii zikifika mezani kwenu, dhana ya kwanza huwa kwamba mwandishi anadai fidia au ana ugomvi na sayansi. Fidia siitaki, na sayansi ndiyo inayoniweka mjini: kidonge ninachomeza kila asubuhi kilijaribiwa kwanza kwa watu nisiowajua, waliokubali kuhesabiwa.

Ombi langu ni moja. Kila aliyejitolea aweze kuona, wakati wowote anaotaka, ni nani aliyetumia taarifa zake, lini, na kwa utafiti gani. Daftari la matumizi, basi. Mengine yote humu ni maelezo ya kwa nini.

Nianze na upande wenu, maana una haki yake. Mwaka 1948 wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, jimboni Massachusetts, Marekani, walianza kupimwa na kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Wakati ule madaktari wengi waliona presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka ni jambo la kawaida, tena wapo waliodhani ina faida. Ni majalada ya watu wale yaliyoonyesha kwamba presha ya juu, lehemu nyingi (yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) na sigara vinauandaa moyo kwa ugonjwa miaka mingi kabla mtu hajaanguka. Halafu mwaka 2020, korona ilipokuwa inaua watu kwa maelfu, Uingereza ilianzisha majaribio yaliyoitwa RECOVERY mwezi Machi, na kufikia katikati ya Juni ilikuwa imeshapata jibu: deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kasi ile ilitokana na wagonjwa kukubali kuingizwa kwenye majaribio, na rekodi za hospitali na za vifo kuunganishwa, hivyo daktari wa wodini akabaki na fomu fupi tu ya kujaza.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jeni iitwayo PCSK9. Watafiti wa Dallas, Texas, walichapisha mwaka 2005 kwamba miongoni mwa Wamarekani weusi waliowapima, takriban 2 kati ya 100 walikuwa na jeni hiyo ikiwa imezimika, na lehemu mbaya kwenye damu yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba watu wa aina hiyo walikuwa wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa nadra mno: hatari yao ilipungua kwa asilimia 88. Wala hawakuwa wamedhurika kwa kuikosa jeni hiyo, kwa hiyo wenye viwanda vya dawa wakajiuliza, kwa nini tusiizime kwa sindano kwa wasiobahatika kuzaliwa hivyo? Mwaka 2015 dawa mbili za aina hiyo ziliidhinishwa. Kwa Wamarekani weupe mabadiliko yale yalikuwa adimu sana, na laiti Dallas ingewapima hao peke yao, huenda tungekuwa bado tunatafuta. Ajabu ni kwamba hata kufikia mwaka 2018, karibu asilimia 78 ya watu waliomo katika tafiti za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 2. Kwa hiyo mnapokuja kutuomba, hamji kwa jambo dogo.

Sasa tuitazame fomu yenyewe. Inaletwa ukiwa umeshapimwa presha, mkono wa shati bado umekunjwa juu ya kiwiko, na pembeni kuna vichupa vya damu vyenye vifuniko vya zambarau vinasubiri. Ni kurasa kadhaa za herufi ndogo. Muuguzi, ambaye nyuma yako ana foleni, anakuonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, hapa, na hapa. Mahali fulani katikati kuna sentensi ya namna hii: ninaelewa kwamba taarifa na sampuli zangu zinaweza kutumika katika tafiti za baadaye ambazo kwa sasa hazijulikani.

Wapo wanaoilaani sentensi hiyo. Mimi siilaani. Hifadhi ya Uingereza iitwayo UK Biobank iliandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010, na mwaka 2023 ikatoa kwa watafiti usomaji kamili wa vinasaba vya karibu wote. Walipoanza, gharama ya kazi hiyo isingewaziwa hata kwa watu elfu moja. Kama kila swali jipya lingelazimu kurudi kuomba saini 500,000, lisingejibiwa hata moja. Ridhaa pana ina maana yake, na niliitia saini macho makavu.

Ila angalieni mzigo umelala upande gani. Mimi nimekubali leo jambo ambalo ninyi wenyewe hamlijui. Likishajulikana, anayepaswa kuwa wa mwisho kuambiwa ni mimi? Hivi ndivyo ilivyo sasa. Mradi unapitishwa, kamati inakaa, data inatolewa, makala inachapishwa katika jarida ambalo kulisoma kunataka malipo, na mwenye damu hana habari. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna pia aliyekumbuka kusema.

Najua jibu la kwanza litakalotoka ofisini kwenu: jina lako limeondolewa, una wasiwasi gani? Basi nitawaonyesha mstari wangu unavyoweza kuonekana kwenye jedwali la mtafiti. Mwaka wa kuzaliwa. Jinsi. Namba ya posta. I10, ambayo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ni presha. E11, kisukari cha ukubwani. Tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, dawa alizoondoka nazo. Jina halimo, kweli. Lakini jirani anayekumbuka wiki niliyolazwa anahitaji jina la nini?

Hili lilishathibitishwa zamani. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake, majina yakiwa yamefutwa, na gavana William Weld akawahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, ambaye sasa ni profesa, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana. Waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita. Wanaume kati yao, watatu. Mwenye namba yake ya posta, mmoja, na kwa hayo akalipata jalada la gavana katika rekodi zile. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta vinatosha kumtenga peke yake Mmarekani 87 kati ya kila 100. Kwa vinasaba ndiyo usiseme: mwaka 2013 watafiti walichukua vinasaba vilivyokuwa wazi kwa umma bila majina, wakavilinganisha na tovuti za watu wanaotafuta ukoo wao, na wakawatambua karibu watu 50.

Na vinasaba havisemi habari za mtu mmoja. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti kama 14,000 za kampuni ya kupima vinasaba ya 23andMe, na kwa sababu akaunti zile zilikuwa zimeunganishwa na za jamaa, wakafikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Mahakama Kuu ya Iceland ililiona jambo hili mapema zaidi. Mwaka 2003 ilimpa haki binti aliyekataa rekodi za marehemu baba yake ziingizwe kwenye hifadhi ya afya ya taifa, kwa hoja kwamba habari za baba zinamsema na yeye. Nilipotia saini, kwa hiyo, nilitia saini kidogo kwa niaba ya wadogo zangu na watoto wao, ambao hakuna aliyewauliza. Hata mimi sikuwauliza, na fomu haikuniambia kwamba ingefaa.

Hatari ya kutambuliwa, hata hivyo, siyo inayonikosesha usingizi. Kinachonisumbua zaidi ni matumizi. Na hapa naomba mnivumilie niwasimulie kisa cha Wahavasupai, maana sijaona kingine kinacholieleza jambo hili vizuri kama hicho.

Hao ni wenyeji wa asili wachache wanaoishi chini kabisa ya bonde la Grand Canyon, Arizona, Marekani. Kisukari kiliwaandama. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikwenda kwao, na wao wakatoa damu wakitarajia ipatikane sababu ya ugonjwa unaowakata miguu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo alialikwa chuoni kusikiliza mwanafunzi akiwasilisha utafiti wake wa shahada ya uzamivu, na pale ukumbini ndipo alipotambua kwamba damu inayozungumzwa ni ya watu wake, na utafiti hauhusu kisukari. Damu ile ilikuwa imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kuoana kwa ndugu wa damu, na njia ambayo mababu zao wanadhaniwa walipita kutoka Asia, jambo linalogongana na imani yao kuhusu walikotoka. Karatasi ya ridhaa ilikuwa na maneno mapana kuhusu magonjwa, na watafiti wakasimama nyuma ya maneno hayo. Kesi ilikwenda hadi mwaka 2010, chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki.

Watu husoma kisa hiki kama somo la ridhaa: fomu ingeandikwa vizuri zaidi. Labda. Mimi naona kitu kingine. Walijua kwa bahati. Laiti yule mwanamke angekuwa na shughuli nyingine siku ile, wangeendelea kutojua. Miaka mingi damu yao ilikuwa inafanya kazi na hapakuwa na mahali ambapo mwenye damu angeweza kutazama. Daftari la matumizi lingewaonyesha utafiti wa kwanza usio wa kisukari siku ulipoidhinishwa, na wangesema hapana, au pengine wangesema sawa. Mgogoro wa mahakamani ungekuwa mazungumzo ya mkutano mmoja.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, na kanuni zimebadilika. Zimebadilika, nakubali. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililorekebishwa mwaka 2016, linazungumzia hifadhi hizi moja kwa moja, na Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, mwaka 2017 waliandika kanuni zao wenyewe ambazo mtafiti anapaswa kuzifuata kabla ya kuwagusa. Lakini kanuni nzuri hazikuzuia Machi 2025 ifike, 23andMe iombe ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na vinasaba vya wateja zaidi ya milioni 15 viwe sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Hatimaye vilichukuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi isiyo ya faida inayoongozwa na mwanzilishi wa kampuni hiyohiyo, aliyeahidi kuziheshimu ahadi za mwanzo. Ilikuwa nafuu. Wateja wengi waliisikia kwenye taarifa ya habari.

Ile ilikuwa kampuni, ninyi ni wa umma? Sawa. England ni serikali. Mwaka 2013 walianzisha mpango wa kukusanya rekodi za madaktari wa familia, ukaitwa care.data. Vipeperushi vikasambazwa, wengi hawakuviona au waliviona wakadhani ni matangazo. Wananchi wakaja juu, mpango ukasimamishwa mwaka 2014 na kufutwa mwaka 2016. Mwaka 2021 wakajaribu tena kwa jina jingine, na katika kiangazi hicho watu zaidi ya milioni moja wakajiondoa. Haya yalitokea katika Uingereza ileile ambayo watu wake nusu milioni walikuwa wamekwenda wenyewe UK Biobank kutoa damu na mkojo. Watu walewale! Hawakuwa wanachukia utafiti. Walichokikataa ni kushtukizwa.

Kwa hiyo daftari. Estonia wanalo tangu zamani kwa upande wa matibabu: raia anaingia kwenye mfumo wa taifa, anafungua rekodi zake za afya, na anaona ni daktari gani aliyezitazama na lini. Akimwona asiyemjua, anauliza. Ni kama taarifa ya akaunti ya benki, ambapo kila kilichotoka kina tarehe na aliyekipokea, na hakuna benki inayothubutu kumwambia mteja kwamba hilo halimhusu.

Mtapinga kwamba utafiti ni tofauti, mtafiti hafungui jalada la mtu mmoja, anachukua jedwali la watu laki mbili. Ndiyo, na hilo linarahisisha kazi. Ninyi ndio mnaoshika ufunguo unaounganisha namba ya siri na jina langu, kwa hiyo mnajua mstari wangu umo katika jedwali lipi. Niambieni: mradi fulani, wa taasisi fulani, unatafuta jambo fulani, kibali kilitolewa tarehe fulani, mstari wako ulikuwemo. Sentensi nne za lugha ya kawaida. UK Biobank wenyewe wanatangaza hadharani orodha ya miradi waliyoiidhinisha, ambayo ni hatua nzuri, ingawa inaniachia mimi kazi ya kukisia nimo wapi.

Wala msiseme teknolojia hairuhusu. Mwaka 2020 nchini England ulijengwa OpenSAFELY, mfumo uliotumia rekodi za watu zaidi ya milioni 17 katika utafiti wake wa kwanza wa korona bila mtafiti kupewa rekodi hata moja mkononi. Mtafiti anatuma programu yake, programu inakwenda zilipo rekodi, majibu ya jumla yanatoka, na kila kilichofanyika kinaandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Mkiweza kuwa na mfumo wa aina hiyo, nusu ya daftari inajiandika yenyewe. Wasio na intaneti wapelekewe ujumbe mfupi wa simu au karatasi kliniki.

Kuna hoja moja naiheshimu: kwamba watu wakiona orodha wataogopa na kujitoa. Wengine watajitoa, ndiyo. Hao walikuwa wamo kwa sababu hawajui, na sidhani kama ni washiriki wa kujivunia. Hapohapo tuambizane ukweli kuhusu kujitoa kwenyewe, maana fomu nyingi husema unaweza kujitoa wakati wowote, zikaishia hapo. Semeni wazi kwamba kujitoa kunazuia matumizi yajayo, na kwamba matokeo yaliyokwishachapishwa hayafutiki. Tutaelewa. Sisi ni watu wazima.

Kuhusu kurudishiwa majibu, nitasema kwa kifupi. Mpango wa Marekani wa kukusanya taarifa za afya kwa utafiti, uitwao All of Us, huwarudishia washiriki wanaotaka matokeo ya vinasaba vyao yenye maana kitabibu. UK Biobank waliamua tangu mwanzo kutorudisha majibu ya namna hiyo. Njia zote mbili naziona sawa, mradi mtu aambiwe kabla ya sindano.

Na neno kwa washiriki wenzangu, kwa kuwa barua ni ya wazi nanyi mnaisoma. Tuache unafiki kidogo. Programu ya simu inayohesabu hatua, usingizi na siku za hedhi tunaikubalia masharti bila kusoma hata mstari, halafu mtafiti mwenye kibali cha kamati ya maadili tunamwona mwizi. Ukali wetu uende kote.

Wakuu, siombi sheria mpya. Anzeni na miradi mliyokwishaidhinisha mwaka huu, mwandike kila mmoja kwa sentensi nne, na muwatumie waliomo. Nimeshaarifiwa kwamba kuna awamu nyingine ya kuchukua damu. Nitakuja. Nitauliza awamu iliyopita ilitumika wapi kabla sijashika kalamu, na naomba muuguzi atakayekuwa zamu awe amepewa jibu, kwa sababu maswali yetu humfikia yeye na foleni yake, ninyi mkiwa ofisini.

Wenu,
Mshiriki